Leseni ya programu: seva ya mtandaoni au faili lenye saini?

Ukiuza programu ya mauzo kwa maduka ya Moshi mjini na kambi za watalii nje ya Arusha, swali hili halikwepeki: programu iulize seva yako kupitia mtandao kama mteja ana leseni, au umpe faili lenye saini ya kidijitali ambalo programu inalikagua yenyewe?

Kwa gharama, faili linashinda mapema. Unatengeneza jozi ya funguo za Ed25519, aina ya saini ya kidijitali: wa umma unakaa ndani ya programu kukagua saini, wa siri wa kutia saini unabaki kwako, basi. Seva inadai malipo ya kila mwezi, nakala rudufu na mtu wa kuiangalia. Cheti chake cha usalama kikiisha muda usiku, asubuhi simu ni zako.

Udhibiti ni wa seva. Mteja asipolipa, unamfutia leseni leo hii. Faili likishatoka halirudi, kwa hiyo liwekee ukomo, tuseme miezi 12.

Matunzo ndiyo yenye kazi. Faili hufungwa kwenye utambulisho wa mashine. Fundi akibadilisha mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), leseni inakataa. Usitegemee kitambulisho kimoja cha mashine: chukua vitatu, kubali viwili vikilingana. CR2032, betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta, nayo ikifa, saa hurudi nyuma miaka, na programu humdhania mteja mwizi anayekwepa ukomo wa leseni. Mwonye kwanza arekebishe tarehe, usimfungie. Upande wa seva adui ni mtandao kukatika. Ruhusu siku 14 hadi 30 za kufanya kazi bila kuwasiliana.

Wateja wachache unaowafikia kwa daladala, faili latosha. Ukiuza kwa malipo ya kila mwezi kwa watu usiowajua, jenga seva. Kambi isiyo na mtandao wa uhakika itahitaji faili hata ukiwa na seva.