AI ya kurenda au injini ya kurenda? Kwa sisi tunaochora nyumba Dodoma

Nianze na jibu kabisa. AI ya kurenda, yaani ya kutengeneza picha ya nyumba kabla haijajengwa, ni nzuri, naitumia, nailipia na nitaendelea kuilipia, ila picha inayotoka ofisini ikiwa na jina lako na inayoenda saiti kwa fundi lazima itoke kwenye modeli yenyewe, ile nyumba uliyoijenga kwenye kompyuta, iwe kwa injini ya V-Ray, D5, Twinmotion, Lumion, Enscape, Blender, yoyote ile uliyonayo. Naona vijana wengi waliotoka chuo juzi wameshafuta programu zote za kurenda wamebaki na AI tu, na wazee wa kazi nao hawataki hata kuigusa, na kwa maoni yangu wote wanapoteza.

Kwanza tuelewane jinsi zinavyofanya kazi maana hapa watu wanachanganya sana. Injini ya kurenda kama V-Ray inachukua modeli yako, kila ukuta na kila dirisha liko palepale ulipoliweka kwa vipimo vyake, halafu inafuatilia miale ya mwanga inavyogonga na kudunda, ukuta mweupe unarudisha mwanga, tailizi zinang'aa, kioo kinapitisha, ndiyo maana inachukua muda na picha inaanza na chengachenga zinazosafishika taratibu. AI nayo inaanza na chengachenga, sema yenyewe haihesabu mwanga wowote, inabashiri. Imeonyeshwa picha nyingi mno zenye maelezo, ikashika kwamba maneno "nyumba ya kisasa, jioni" huwa yanaendana na vioo vikubwa, bwawa la kuogelea na taa za njano, basi inasafisha zile chengachenga kuelekea huko. Stable Diffusion, moja ya AI hizi za picha, ilipotoka Agosti 2022 ilikuwa ngumu kuishika, unaandika maneno inakupa nyumba yake yenyewe, mwaka 2023 ikaja ControlNet, nyongeza ya kuiongoza, ndiyo tukaanza kuipa mistari ya modeli zetu ikafuata, na mwaka huohuo SketchUp, programu ya kuchora modeli, nao wakaleta Diffusion yao humohumo ndani ya programu, kuna Veras pia, wanaotumia Revit, programu nyingine ya kuchora majengo, wanaipenda. Kwa zote hizo modeli yako ni mwongozo tu, AI hailazimiki kuufuata mpaka mwisho.

Sasa mfano halisi. Nyumba ya vyumba vinne, Iyumbu hapa Dodoma, kiwanja kina mteremko kidogo, paa la kuficha, mbele baraza lenye nguzo mbili, upande wa magharibi sebule ina madirisha matatu yenye grili, nyuma kuna mnara wa simtanki. Nikachukua engo moja, nikairenda kwa D5, halafu engo hiyohiyo nikaipitisha kwenye AI moja ya kulipia ambayo sitaitaja, na kile kidude cha kuiambia ifuate modeli nikakivuta juu kabisa. Ya AI ilitoka ndani ya nusu dakika na kiukweli ukiiangalia kwa haraka inakushika, mawingu mazuri, ukuta una ule uhai ambao kwenye injini unauhangaikia nusu siku.

Ikuze sasa. Nguzo moja ya baraza haipo, lile zege la juu linaning'inia karibu mita nne bila kitu chini yake. Madirisha matatu ya magharibi yamekuwa kioo kimoja kutoka sakafuni mpaka kwenye bimu, grili hakuna. Mnara wa tanki umegeuka mti. Kiwanja kimesawazishwa, kwa hiyo ngazi za kupandia barazani zimebaki mbili wakati mimi nimechora tano kwa sababu ya mteremko. Chini kuna majani ya kijani kama uwanja wa mpira na nyuma ya nyumba msitu wa misonobari, wakati Iyumbu mwezi wa tisa ni udongo mwekundu, vichaka vikavu na vumbi.

Na mteja haoni hayo yote, anaona kioo. Anakwambia "Injinia mimi nataka hiihii", anaituma WhatsApp kwa mke wake, kwa kaka yake aliyeko Dar, na kwa fundi, na fundi wetu mnawajua, akishakuwa na picha kwenye simu ramani anaiweka pembeni. Baadaye BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama, inakuja na kioo cha vipande vitatu vya kawaida, mteja anauliza mbona kwenye picha haikuwa hivi. Atakuwa na haki kabisa ya kuuliza, picha uliyompa alihesabu ni ahadi. Ndiyo maana hili suala nalichukulia kwa uzito, hapa mjini mtu anajenga kwa mkopo wa mshahara au kwa pesa ya mazao ya miaka mingi, anajenga mara moja maishani.

Halafu kuna jua, na hapa ndipo ambapo mimi injini siwezi kuiacha. Dodoma tuko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, Desemba linahamia kusini kwa nyuzi kama 73, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa. Ukiweka lokesheni ya modeli yako ni Dodoma, kaskazini ukaiweka sawa, saa na mwezi ukachagua, Enscape au Twinmotion au D5 inakupa kivuli kilekile kitakachokuwepo. Kile cha AI ni pambo, nimeona picha moja kivuli cha mti kinaenda kushoto na kivuli cha ukuta kinaenda kulia.

Chukulia ile sebule ya magharibi. Upenu wa sentimita 60, watu wengi wanadhani unatosha. Mwezi Machi saa kumi jioni unashusha kivuli cha sentimita 50 na kidogo ukutani, saa kumi na moja zinabaki sentimita 30 hivi, maana yake dirisha lote limepigwa jua na sebule ni tanuri, na hiyo ndiyo saa watu wanaanza kurudi nyumbani. Nikamrendea mteja picha mbili za injini, saa nane na saa kumi na moja, hazina hata mapambo, akaona mwenyewe jua limelala kwenye kochi. Palepale tukakubaliana kuongeza vizuia jua vya wima na kupunguza dirisha moja. Mazungumzo yale yasingetokea kwa picha ya AI, yenyewe ingeweka mwanga wa dhahabu unaopendeza na sote tungesema waoo.

Sasa AI inashinda wapi, na hapa inashinda vibaya. Kile kikao cha kwanza na mteja ambaye hajui anachotaka. Anakwambia nataka kitu cha kisasa, basi, hana neno lingine. Zamani ungemletea picha za kutoka mitandaoni za nyumba za Afrika Kusini au utumie wiki kutengeneza modeli ambayo ataikataa. Sasa unachora maboksi tu SketchUp, hata dirisha hujaweka, unaipitisha AI mbele yake, hii ya mawe, hii ya plasta nyeupe, hii ya tofali za kuchoma, hii paa la msauzi, mtu anaanza kusema hapana, hiyo ndiyo, hapo punguza. Kikao kimoja kinakupa majibu ambayo zamani yangechukua mwezi. Rangi za ndani hivyohivyo. Ila mwambie kabla hajaiona kwamba hii ni kutafuta ladha bado siyo nyumba yake, na mimi naandika MCHORO WA WAZO kwa herufi kubwa juu ya picha, katikati, siyo pembeni ambapo WhatsApp inaweza kuikata.

Upande wa gharama AI ina unafuu wa kuanzia. Injini nyingi zinataka mashine ya maana, D5 kwa mfano inaanzia kadi ya michoro ya kompyuta ya GTX 1060 yenye GB 6, na hiyo ni kuanzia tu, ukitaka iende vizuri unatafuta kadi za RTX zenye nguvu zaidi. AI za mtandaoni kazi inafanyika kwa mashine zao huko, wewe unahitaji bando na kadi ya Visa, Midjourney kifurushi cha chini ni dola 10 kwa mwezi, na umeme ukikatika katikati hujapoteza kitu, wakati renda ya usiku kucha ikikatika saa tisa alfajiri bila UPS unaijua inavyouma. Lakini msidanganyike kwamba injini lazima iwe ghali. Blender ni bure moja kwa moja. Twinmotion ni bure kama ofisi yako haiingizi zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, na hapo sisi wengi tumo. D5 ina toleo la bure. V-Ray inaweza kurenda kwa CPU, prosesa ya kawaida ya kompyuta, kama huna kadi ya michoro, itachukua muda lakini itamaliza. Stable Diffusion nayo unaishusha bure unaiendesha kwako, sasa hapo unarudi tena kwenye ishu ya kadi ya michoro.

Kinachochosha kwenye AI ni marekebisho. Mteja akisema geti lisogee kushoto mita moja, kwenye injini unasogeza, unarenda, kila kitu kingine kimebaki vilevile. Kwenye AI ukigusa hiki na kile kinabadilika, na ukigeuza engo kwenda nyuma ya nyumba unapata nyumba ya jirani, mawe tofauti, madirisha tofauti. Video ndiyo kabisa, kamera ikizunguka kona dirisha linayeyuka. Kama kazi inahitaji mteja atembee ndani ya nyumba, Lumion au Twinmotion, hakuna mjadala.

Kingine ambacho hakisemwi: wanaofanya kazi za Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na ofisi za serikali, mchoro ukiupandisha kwenye tovuti ya AI umeutoa nje, unakaa kwenye seva ambayo huijui na masharti yao wengi hatuyasomi. Kwa kazi ya aina hiyo kaa na programu iliyo kwenye mashine yako, iwe injini au hiyo Stable Diffusion ya kushusha.

Mimi sasa hivi nafanya hivi, AI mwanzoni kwa kutafuta wazo, katikati yote modeli na injini, mwishoni kabisa nairudisha AI kwa vipande tu, nachagua eneo la bustani au la mtu aliyekaa barazani, jengo lenyewe nalifungia nje. Na kwenye bustani ukiandika tu mti wa Afrika inakuletea savana ya watalii, ila ukiipa picha uliyopiga mwenyewe kama rejea inakaa vizuri zaidi. Nimekusanya folda la picha za huku kwetu, miarobaini, mibuyu ya kiangazi isiyo na majani, bogenvilia za Area D, mizabibu, miamba ya Ntyuka, udongo mwekundu kabla ya mvua na baada ya mvua. Anayelitaka aniandikie nimtumie, picha nimezipunguza ukubwa hazili bando.