Kliniki ya konea mjini Dodoma: tathmini baada ya wiki saba za matone

Mjomba wangu, mkulima wa mtama wilayani Bahi, alichomwa jichoni na bua wakati wa mavuno, na alipofikishwa kwenye kliniki ninayoitathmini hapa, inayotibu konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ilikuwa siku ya tisa, jicho limevimba na doa la kijivu limetanda mbele ya mboni. Sitaitaja kliniki hiyo kwa jina, kwa kuwa bado anatibiwa pale na kwa kuwa nina malalamiko mawili ambayo sipendi yamrudie yeye. Wanaoifahamu wataitambua kwa urefu wa foleni yake.

Siku hizo tisa zilimgharimu sana. Katika duka la dawa la karibu na kwao aliuziwa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, bila mtu yeyote kumchunguza, na kwa siku mbili wekundu ulipungua hata akaamini amepona. Ndiyo hila ya dawa hiyo: hutuliza jicho kwa nje huku ikidhoofisha kinga yake, na kama kilichoingia ni fangasi kutoka kwenye mmea, fangasi huyo huachiwa uwanja.

Daktari wa kliniki hakuanza na tochi, alianza na swali: «Mzee, kilichokupiga ni bua, mchanga au chuma?» Mjomba alidhani anapigishwa soga, kumbe jibu lake ndilo lililoongoza kila kilichofuata. Alikalishwa kwenye ile mashine ya kuegemeza kidevu, akatiwa rangi ya njano ambayo chini ya mwanga wa buluu hung'aa kijani mahali penye kidonda, kisha jicho likatiwa ganzi na kidonda kikakwanguliwa kidogo ili sampuli itazamwe kwa hadubini siku hiyohiyo. Kabla ya majibu hakuandikiwa dawa yoyote mpya. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota zote, maana nimewahi kuona mahali ambapo kila jicho jekundu huandikiwa chupa ileile.

Nilipoomba nieleweshwe, daktari alivua saa yake ya mkononi akatuonyesha kioo chake. Konea, alisema, ni kioo cha namna hiyo kilichofunika mbele ya jicho, ila unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, na ili kiendelee kupitisha mwanga hakina mishipa ya damu, bali hupata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi. Kwa sababu hiyo dawa yake kuu ilikuwa matone, ambayo ni natamaisini ya asilimia 5, dawa ya fangasi, kila saa, mchana na usiku, kwa siku za mwanzo. Alitutahadharisha pia kwamba kovu litakalobaki si mtoto wa jicho, ingawa vyote viwili huonekana vyeupe na mitaani huitwa kwa jina moja. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo nyuma ya mboni, na upasuaji wake haugusi tatizo la konea.

Lalamiko langu la kwanza linahusu dawa hiyohiyo. Duka la dawa la kliniki halikuwa nayo, wala maduka matano niliyozunguka mjini, na hatimaye ilitumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, nikaipokea stendi ya Nanenane usiku wa manane. Kliniki inayotibu konea katika ukanda wa wakulima haistahili kukosa dawa ya fangasi hata wiki moja.

Wauguzi, kwa upande wao, nawasifu bila kusita. Wa zamu ya usiku alikuwa akimwamsha mjomba kwa salamu ya Kigogo, «Mbukwa, babu», akitia tone, akiweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa kitandani, na kurudi saa inayofuata. Usiku wa tatu nilimkuta mjomba anamngoja amekwisha kuketi.

Niliuliza, kama wengi wanavyouliza, kwa nini asibadilishiwe konea yakaisha. Jibu lilikuwa refu na halikutupamba. Konea mpya ikishonwa kwenye jicho lenye fangasi huweza kushambuliwa na fangasi huyo, hivyo upasuaji wa haraka huachiwa jicho lililotoboka au linalokaribia kutoboka. Kwa wengine husubiriwa kidonda kifunge na jicho litulie kwa miezi mingi. Mishipa ya damu ikiwa imeota ndani ya kovu, hatari ya mwili kuikataa konea ya mtu mwingine huongezeka. Nyuzi huweza kukaa mwaka au zaidi, matone ya steroidi (safari hii kwa kipimo na usimamizi) huendelea muda mrefu, na wekundu, maumivu au ukungu ukitokea mgonjwa anapaswa kurudi siku hiyohiyo. Upasuaji huu si jaribio jipya: daktari wa macho Eduard Zirm aliufanya kwa mafanikio huko Olomouc, katika nchi ya leo ya Cheki, mwaka 1905. Kinachokosekana ni konea zenyewe. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kwa kila watu 70 wanaozihitaji, hupatikana moja.

Hapo ndipo lalamiko la pili linapoingia. Pamoja na uhaba huo, ukutani hapakuwa na maelezo hata mstari mmoja kuhusu kuchangia macho, na muuguzi niliyemuuliza alicheka kwa aibu akabadilisha mazungumzo. Mjomba aliondoka akiamini kuwa jicho zima hung'olewa na kupandikizwa. Ingetosha kumwambia kwamba hutumika utando huo wa mbele tu, kwamba hutolewa baada ya kifo na ndani ya saa chache, na kwamba aliyevaa miwani au aliyepasuliwa mtoto wa jicho anaweza kuchangia. Sri Lanka, ambako chama cha kuchangia macho kilianzishwa mwaka 1961, imefikia kupeleka konea nchi nyingi za kigeni.

Mkoa huu hauna udhuru wa ugeni katika jambo hili. Kongwa imechunguzwa kwa miongo kadhaa kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza ambao hupindua kope zikaikwaruza konea, na hospitali ya Mvumi ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo daktari wa macho Allen Foster alijifunza, kabla ya kuandika na daktari mwenzake Alfred Sommer mwaka 1987, jinsi surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zinavyowatia watoto upofu.

Wiki ya saba kidonda kilikuwa kimefunga. Kovu lipo, vidole anavihesabu kwa karibu, na daktari atampima lenzi ngumu ya kuvaa jichoni kabla ya kuzungumzia upandikizaji. Kwa jumla naipa kliniki nyota nne kati ya tano. Atakayekwenda afike kabla ya saa moja asubuhi, na abebe chupa ya kila dawa aliyokwisha kutia jichoni, hata iwe tupu. Mjomba ya kwake aliitupa shambani, ikabidi shangazi aitafute kwenye mabua kutwa nzima ili daktari asome kilichoandikwa.