Gari nzuri, huduma baada ya moto ni sifuri

Wakuu, jina la kampuni sitalitaja kwa sababu shauri bado halijaisha, ila imebidi niandike maana kuna watu wananunua gari zero kilomita wakiamini waranti inatosha. Kuendesha, gari ilikuwa nzuri, imetulia barabarani, mafuta inakula kidogo, na pale shoorumu Dar walinichangamkia vizuri tu. Rivyu yangu ni ya kilichofuata baada ya gari kuwaka moto yenyewe usiku, imepaki uani, imezimwa, funguo ziko chumbani kwangu.

Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000 na sikuwa nimefika hata nusu. Jirani ndo kagonga geti, tukapiga 114, zimamoto wanafika mbele kote kumeshateketea ila ndani dashibodi ina masizi tu. Hilo la dashibodi likumbukeni.

Kampuni wakakaa kimya weee, mwishowe wakaleta ripoti ya kurasa mbili, chanzo eti ni kifaa cha umeme kilichofungwa nje ya kiwanda, yani GPS ya kufuatilia gari ilipo, ambayo benki ndio waliotaka ifungwe kwa sababu gari ni ya mkopo. Meneja ananiambia "dada yangu, ukishagusa waya tu waranti imekufa." Haya, GPS ilifungwa chini ya dashibodi, na kwenye picha zao wenyewe inaonekana ipo, plastiki haijayeyuka, fyuzi yake nzima! Moto unaanzaje kwenye kitu ambacho hakijaungua halafu unaenda kula chini ya boneti upande wa ABS, kile kifaa cha kuzuia matairi yasigande ukikanyaga breki ghafla?

Na hapo kwenye ABS ndo penyewe. Kabla ya moto taa ya ABS iliwaka, nikaipeleka kwao hao hao, job kadi yao (karatasi ya kazi waliyofanya gereji) ninayo, imeandikwa kodi imefutwa gari iko sawa, yani ile namba ya hitilafu inayosomwa kwenye kompyuta ya gari. Kwenye ripoti hiyo job kadi hawajaigusa kabisa.

Injinia wao akanikazia kwamba gari iliyozimwa haiwezi kupiga shoti. Sio kweli. Kuna vifaa vinachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri hata ukichomoa funguo, na ABS mara nyingi ni mojawapo, tena mle ndani mafuta ya breki na bodi ya umeme ni majirani, yakivuja yakafika kwenye bodi ni hatari. Haya mambo yanajulikana miaka mingi. Marekani, Ford waliita magari zaidi ya milioni 14 yarudi kurekebishwa kati ya 1999 na 2009 kwa ajili ya swichi ya kruzi kontroli (ile ya kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta) iliyokuwa na umeme muda wote, mafuta ya breki yanapenya, swichi inaliwa na kutu, gari inawaka ikiwa imepaki. Tena Septemba 2023, Hyundai na Kia wakaita karibu milioni 3.4 huko huko Marekani kwa ishu ya ABS, wenye magari wakaambiwa wapaki nje mbali na nyumba mpaka wabadilishiwe fyuzi. Yangu sio ya kampuni hizo na sisemi ugonjwa ni ule ule, nasema mtu na elimu yake asinidanganye kwamba haiwezekani.

Kitu kimoja injinia alisema kweli, kwamba waya ulioyeyuka ukatoa vidonge vya shaba peke yake sio ushahidi wa chanzo, maana hata moto uliotoka kwingine unaweza ukala plastiki ya waya ikapiga shoti baadaye. Sawa, nakubali, basi si tukifungue hicho kifaa cha ABS tuone? Hapo ndo hawataki.

Bima kubwa ninayo na wamekubali kulipa, ila walitaka wachukue mabaki wakauze, nikawaomba kwa barua yasubiri kwanza. Kampuni nao wakatuma bredauni wayapeleke yadi kwao "kwa uchunguzi zaidi", nikagoma. Ikikukuta wewe, piga picha kila kona kabla hakijasogezwa kitu, chukua ripoti ya zimamoto, tunza job kadi zote, na mabaki yasitoke bila karatasi iliyosainiwa kwamba hakitafunguliwa kitu wewe haupo.

Sasa wameniletea ofa ya punguzo nikinunua gari nyingine kwao, sharti nisaini kwamba sina madai tena. Sijasaini. Nimepeleka malalamiko FCC, yani Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, ninachoomba ni ABS ifunguliwe mbele yangu, mbele ya bima na fundi umeme asiye wa kwao, na waniandikie ile kodi waliyoifuta ilikuwa inasema nini. Watu wengine wanaendesha gari hiyo hiyo na wanapaki chini ya madirisha ya watoto wao.