Journal of Adolescent & Adult Literacy: vijana wameshiba, watu wazima bado wanasubiri

Jarida hili la Kiingereza hutolewa mara sita kwa mwaka na International Literacy Association ya Marekani, kupitia mchapishaji Wiley. Limelengwa kwa wanaofundisha kusoma na kuandika kuanzia umri wa miaka 12 kwenda juu. Walimu wa watoto wadogo wana The Reading Teacher, la shirika hilohilo. Jina la sasa lilianza 1995. Kabla ya hapo lilikuwa Journal of Reading, na ni muhimu kulijua hilo unapotafuta makala za zamani: ukitafuta kwa jina jipya peke yake, hazina nzuri kuliko zote inakupita.

Tuanze na dosari. Jina linataja watu wazima, lakini sehemu kubwa ya kurasa ni za vijana wa sekondari, tena wa Marekani. Mtu mzima akionekana, mara nyingi ni mwanafunzi wa chuo au mhamiaji anayejifunza Kiingereza. Mama wa miaka 50 anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza haonekani sana. Mwalimu wa kisomo Tanzania, au wa gumbaru Kenya, anayetaka kujua aanze na silabi zipi, afanye nini mahudhurio yanapoporomoka msimu wa kupanda, au amsaidieje asiyeona herufi vizuri kwa kukosa miwani, asitegemee kuyapata humu. Miongozo ya elimu ya watu wazima ya hapa kwetu itamfaa zaidi.

Kwa mwalimu wa sekondari hali ni tofauti kabisa. Makala nyingi huambatana na kisanduku cha hatua za kufuata darasani, na kwa mwenye haraka hapo ndipo pa kuanzia: soma ikisiri, ruka hadi kwenye hatua, kisha rudi kwenye maelezo ya darasa lililofanyiwa kazi. Hayo maelezo usiyaruke. Mbinu iliyofaulu kwa wanafunzi 25, kila mmoja na kitabu chake, hukwama kwa wanafunzi 90 wanaogawana vitabu, na kinachokwama kwanza ni usomaji wa kimyakimya kabla ya majadiliano. Dawa ni kupunguza matini: andika aya moja ubaoni, ijadiliwe hiyo tu.

Makala ya 2008 ya Elizabeth Moje, mtafiti wa elimu wa Marekani, iliyochapishwa humu, inafaa kusomwa na kila mwalimu wa kidato cha kwanza. Hoja yake ni kwamba haitoshi kumwagia mwanafunzi mbinu za jumla za kusoma na kutarajia zifanye kazi kila mahali, kwa kuwa kila somo lina namna yake ya kujenga na kuthibitisha maarifa. Msomaji wa historia huuliza nani aliandika, lini, na kwa masilahi ya nani. Msomaji wa biolojia husoma maandishi pamoja na mchoro, akienda na kurudi. Tanzania, ambako mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili kisha hukutana na Kiingereza sekondari, hoja hiyo ina uzito mara mbili, maana mwalimu wa Kiingereza hubebeshwa mzigo ambao walimu wa masomo yote walipaswa kugawana.

Sasa hiyo hazina. Kanuni mbili za kupima ugumu wa matini zilizoenea sana zilichapishwa humu enzi za jina la zamani: grafu ya Edward Fry mwaka 1968 na SMOG ya G. Harry McLaughlin mwaka 1969. Grafu ya Fry ina asili ya jirani: aliianzisha akiwa Uganda, akiwasaidia walimu waliofundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Unachagua vifungu vitatu vya maneno 100, unahesabu sentensi na silabi, unatafuta wastani, kisha unasoma daraja, yaani mwaka wa masomo wa Marekani, kwenye grafu. SMOG ni rahisi zaidi: sentensi 10 za mwanzo, 10 za katikati na 10 za mwisho, hesabu maneno yenye silabi tatu au zaidi, tafuta kipeuo cha pili cha namba mraba iliyo karibu na jumla hiyo, ongeza 3.

Usizitumie kwa Kiswahili. Chukua sentensi "Wakulima wanapanda mahindi shambani." Maneno yote manne yana silabi tatu au zaidi. Sentensi 30 za namna hiyo zitakupa maneno 120. Mraba wa karibu ni 121, kipeuo ni 11, ukiongeza 3 unapata 14. Kwa madaraja ya Marekani hapo ni mwaka wa pili wa chuo, na sentensi yenyewe ni ya kitabu cha kisomo! Kiswahili hubandika viambishi kwenye neno, hivyo urefu wa neno hausemi mengi kuhusu ugumu wake.

Jaribio la kujaza nafasi, njia nyingine ya kupima ugumu wa matini, linavuka lugha vizuri kidogo. Chukua kifungu cha maneno 250 hivi, acha sentensi ya kwanza ilivyo, kisha futa kila neno la tano. Lakini viwango vya kufaulu vilivyowekwa kwa Kiingereza usivihamishe. Nafasi ikiangukia "cha" au "vya", ngeli ya nomino humpa msomaji jibu hata kama hajaelewa habari, na alama hupanda bila sababu. Ni salama zaidi kulinganisha vifungu viwili kwa darasa lilelile.

Bei ndiyo kikwazo. Ikisiri ni za bure na baadhi ya makala ziko wazi kwa wote, ila nyingi hulipiwa. Kabla ya kutoa pesa, muulize mkutubi wa chuo kama taasisi imesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, na kama jarida limo. Usajili huo ni wa taasisi, si wa mtu binafsi. Kwa matoleo ya zamani, fungua akaunti ya bure ya JSTOR, maktaba ya majarida ya mtandaoni, inayoruhusu kusoma hadi makala 100 kwa mwezi mtandaoni.