Chambo gani ununue kwa besi wa vuli: mpangilio wangu kwa mwenye bajeti ya dola 60

Wadau, kila mwaka ikifika mwezi wa tisa huku Minnesota, Marekani, majani yakianza kuwa ya njano utaona watu wanasafisha fimbo zao wanaweka stoo, msimu umeisha, na mi ndo kwanza naanza. Nasema vuli lakini sio ile vuli yetu ya mvua, hii ni ile ya baridi kuingia kidogo kidogo mpaka mto unaanza kushika barafu pembeni. Besi mdomo mdogo (smallmouth bass, samaki wa mito na maziwa ya huku) kipindi hiki anakula sana na anakuwa mnene, tumbo limejaa, anavuta kuliko hata wa kiangazi. Yule mkubwa aliyevuliwa na mvuvi Gregg Gallagher Ziwa Erie upande wa Ontario, Kanada, pauni 10.15, yaani kama kilo 4 na nusu na ushee, ilikuwa tarehe 3 Novemba 2022. Novemba jamani, wakati wengine wako ndani na blanketi.

Kwa ndugu zangu mliotoka kanda ya ziwa, uvuvi wa mshipi mnaujua, unatia furu kwenye ndoano unamsubiri sangara. Huku wengi wanatumia chambo bandia, na hapo ndo hela inapopotea kwa sababu ukiingia duka la uvuvi ukuta mzima ni chambo, rangi mia, kila kimoja kinang'aa, na mtu mgeni anachukua kinachompendeza macho. Mi mwaka wa kwanza nilinunua samaki mmoja wa plastiki mzuri sana wa dola 25, nikaenda nae mto Mississippi maeneo ya juu ya mji wa Anoka, mrusho wa tatu kakamata jiwe, mshipi ukakatika, kaenda. Iliniuma sana. Kwa hiyo huu mpangilio ni wa mtu anayesimama ukingoni, hana boti, na dola zake ana kazi nazo.

Kabla ya chambo chochote nunua kipimajoto cha maji, vile vya kufunga na kamba, dola kama 8 hivi. Sitanii, ndo kitu cha kwanza. Besi wa vuli anafuata joto la maji, hafuati kalenda. Maji yakiwa nyuzi 65 mpaka 55 za Farenhaiti (kama 18 mpaka 13 za Selsiasi) anazunguka, anakimbiza visamaki, unaweza kuvuta haraka. Kati ya 55 na 45 anaanza kuhama, anaacha yale maji ya kasi yenye mawe anaenda kwenye mashimo yenye maji marefu yaliyotulia, na wanakusanyika wengi sehemu moja. Chini ya 45, yaani nyuzi 7 kwetu, mwili wake umepoa, hakimbizi kitu, lazima chambo kimfuate yeye mpaka mdomoni. Ukishajua namba hiyo nusu ya duka haikuhusu tena.

Namba moja kwangu ni Nedi. Ni kipande kifupi cha plastiki laini kama inchi 2 na robo tatu, hakina mkia hakina miguu, kinafungwa kwenye ndoano yenye kichwa bapa kama uyoga. Ukikiona dukani utasema hiki ndo nini sasa. Jina limetokana na Ned Kehde, mzee wa Kansas aliyeutangaza huu mtindo. Zile za kampuni ya Z-Man zimetengenezwa kwa plastiki ya aina yake, inavutika kama mpira na inaelea, kwa hiyo kichwa kikikaa chini mkia unasimama juu, unatikisika wenyewe na maji, samaki anaona kama kamba mdogo wa mtoni anayejihami. Kimoja kinakuvulia samaki wengi kabla hakijachanika, pakiti ni dola 5 hivi, ndoano zake dola 6. Kitu kimoja uzingatie, usiiweke boksi moja na plastiki za aina nyingine, zinayeyukiana zinakuwa uji, ziache kwenye pakiti yake. Chukua vichwa vyepesi, gramu 3 kwa maji yaliyotulia na gramu 5 au 6 kwenye mkondo. Rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia inatosha, acha hizo nyingine. Unarusha, unaacha kitue, unavuta taratibu sana kikiburuza chini, halafu unaacha tena. Inafanya kazi kuanzia mwezi wa tisa mpaka barafu, ndo maana nimeiweka juu, mtu mwenye dola 11 tu anunue hii aende mtoni.

Ya pili ni jekibeti, kile kisamaki kirefu chembamba cha plastiki chenye mdomo wa kukizamisha. Hapa sasa ndo kuna raha ya vuli. Jina la Rapala, watengenezaji wa chambo hizi, kwetu sio geni, wanaovua sangara kwa starehe Ziwa Victoria wanazivuta nyuma ya boti, na historia yake ni Mfini, Lauri Rapala, aliyeanza kuzichonga mwenyewe mwaka 1936 kwa kuangalia jinsi samaki mkubwa anavyomchagua yule kisamaki anayeyumba akawaacha wazima. Besi ana akili hiyo hiyo. Dukani uliza inayobaki palepale ukiacha kuvuta, isiyopanda juu wala kuzama, hicho ndo kigezo chenyewe na kina maana kuliko jina na rangi. Ya dola 10 mpaka 12 inatosha kabisa, zile za 25 ziache mpaka ujue mawe ya mto wako yako wapi. Unavuta kwa kushtua, mara mbili, halafu unaacha. Maji yakiwa nyuzi 58 hesabu mpaka tatu, yakiwa 50 hesabu mpaka sita, yakifika 45 hesabu mpaka kumi na zaidi, na ujue utachoka mkono kwa kutofanya kitu. Anakula wakati kimesimama. Mara nyingi hutasikia kugongwa, utaona tu mshipi umekuwa mzito kama umeshika jani, vuta.

Tyubu nimeiweka ya tatu na najua kuna watu wa Maziwa Makuu ya huku Amerika watanikatalia, na kwao wana haki. Ni plastiki yenye uwazi ndani na vinyuzi vingi mwishoni, ndoano inaingia ndani. Kule maziwa ya Erie na St. Clair chini kumejaa gobi, kisamaki mgeni aliyetokea Ulaya, alionekana mara ya kwanza Mto St. Clair mwaka 1990 na akatapakaa, na besi wa kule wamenenepa kwa kumla yeye. Tyubu ikiburuzwa chini inafanana nae sana. Kwa hiyo ukiwa Cleveland au Detroit na una rafiki mwenye boti, ipandishe iwe ya kwanza, kichwa cha gramu 10 mpaka 14. Sisi wa mtoni ukingoni ncha ya ndoano yake iko wazi juu, inashika mawe mno, utapoteza nyingi.

Bledi ni ya nne kwa jumla lakini ni ya kwanza maji yakiwa chini ya 45. Ni kipande cha chuma chembamba chenye risasi tumboni, dola 5 au 6, hakina uzuri wowote. Simama juu ya shimo la maji marefu, rusha, acha izame mpaka chini, inua fimbo kama futi moja mpaka usikie inatetema mkononi, halafu iteremshe huku mshipi umekaza kidogo, anakula inaposhuka. Ukiinua juu sana umeharibu. Nunua mbili maana moja itabaki kwenye jiwe.

Swimbeti, kisamaki laini chenye mkia wa kutikisika, ni nzuri Septemba na Oktoba mwanzoni ukiivuta moja kwa moja taratibu karibu na chini, ila mkia wake ni laini unakatwa haraka na pakiti inafika dola 8, hesabu haikai vizuri kwa bajeti yetu. Spina, kile kibati cha kuzunguka ukivuta, namba 3 nayo inavua maji yakiwa ya uvuguvugu, mpe mtoto, anarusha anavuta basi. Vya kuelea juu ya maji usinunue kabisa kipindi hiki, subiri mwezi wa sita.

Mshipi usiwe mnene. Wa kusukwa wenye nguvu ya pauni 10, mbele unaunga futi kama sita za flurokaboni (mshipi usioonekana sana majini) ya pauni 8, maji ya vuli yanakuwa maangavu sana na samaki anaona. Fimbo ya futi 7 ya wastani uliyonayo inatosha.

Halafu muda. Hii ya kuamka alfajiri tuliyozoea kwetu iache, baridi ikishika nenda saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, jua likishapasha maji kidogo. Tafuta nyuma ya visiwa, nyuma ya mawe makubwa, kona ya ndani ambapo mkondo unalala. Ukimpata mmoja usiondoke, wapo wengi hapo hapo.

Leseni ni lazima ukishafika miaka 16, na ukiwa umeishi Minnesota siku 60 unalipa bei ya mkazi. Na ndugu zangu, kuanzia Septemba sehemu kubwa ya jimbo hili mdomo mdogo haruhusiwi kwenda nae nyumbani, unamvua unamrudisha, soma kitabu cha sheria cha mwaka husika kwa sababu tarehe zinabadilika. Najua mtu anauliza sasa navua ili iweje. Besi wa huku wa sentimita 50 anaweza kuwa na zaidi ya miaka 10, anakua polepole kwa sababu ya baridi, na kwa vile wanakusanyika shimo moja watu watatu wenye ndoo wanaweza kumaliza ukoo wa kilomita kadhaa za mto kwa wikiendi mbili. Kwa hiyo nunua na koleo ndogo ya kutolea ndoano, bana vile vijino vya ndoano vilale kabla hujarusha, mikono iwe imelowa ndo umshike, umwache aondoke mwenyewe kwenye viganja vyako.