Chai ya zambarau ya majani mazima: inafaa duka dogo la Mombasa?

Chai hii hutokana na mche wa aina ya chai iitwayo TRFK 306, uliotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011. Majani yamesokotwa, hayakusagwa kama ya chai ya maziwa. Yamimine kwenye sahani nyeupe uone, vumbi na vijiti ni haba mno.

Pima gramu 3 kwa mililita 200 za maji ya nyuzi 80 hivi, dakika 3 basi. Maji yanayotokota huitia uchungu, na mteja hatarudi. Kamua ndimu: rangi hugeuka waridi mbele ya macho yake, na hapo hujiuza yenyewe.

Shida ni pakiti yake ya karatasi. Kwa hewa yetu ya pwani jani huvuta unyevu likalegea, na likikaa karibu na iliki au karafuu hunukia viungo. Lihamishie kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Jani ambalo bado ni kavu, ukilifikicha huvunjika kwa mlio. Uza gramu 50, vikombe kama 16, si robo kilo.

Kwa chai ya rangi, nzuri sana. Ya maziwa na tangawizi, usiiharibu bure.