Darubini yangu ya 8x42 baada ya miezi nane: kwa siku ambazo sitafuti visanduku

Mimi ni mtu wa jiokeshingi, ule mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kufuata namba za GPS, unafika pale unapekua kwenye mizizi au chini ya jiwe, ukikipata unasaini kile kikaratasi cha ndani halafu unakirudisha pale pale kama ulivyokikuta. Naupenda sana huu mchezo. Ila kwa sisi tunaoishi Arusha ukweli ni kwamba visanduku ni vichache, ukishasaini vya karibu inabidi usafiri mbali au usubiri mtu mwingine afiche kipya, na wikiendi zinakuja tu. Ndo maana kila mmoja kwenye kikundi chetu ana kitu chake cha pembeni. Kuna mmoja ni wa milima, Meru ameshapanda hadi juu kabisa, mita 4,562, na bado anataka kurudi. Mwingine jioni anafungua laptopu anachora njia za mitaani na visima kwenye OpenStreetMap, anasema ni ugonjwa ule ule wa ramani. Mimi nimeangukia kwenye ndege, na ndege bila darubini utaishia kuona vivuli tu juu ya mti, kwa hiyo leo naandika kuhusu darubini, au binokula kama wengi wanavyoiita.

Nianze na kosa, ili mtu asirudie. Ya kwanza niliinunua Kariakoo nilipoenda Dar kwa shughuli zangu, ndogo ya kukunja, imeandikwa 30x60, muuzaji akaniambia hii inavuta hadi mwezini, elfu hamsini nikatoa. Lenzi zake zilikuwa zinang'aa nyekundu kama rangi ya taa ya breki, nikadhani ndo ubora wenyewe. Aisee. Nimefika nayo msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi sioni kitu, giza, picha inatetemeka, na ule wekundu unakula rangi kiasi kwamba ndege wote wanafanana. Baada ya nusu saa kichwa kinauma kwa sababu mirija miwili haikuwa imelingana, jicho la kushoto linaona hapa la kulia linaona pale na ubongo unahangaika kuunganisha. Namba kubwa kwenye boksi isikudanganye. Ile 30 haikuwa 30, na hata ingekuwa kweli mkono wa binadamu hauwezi kuituliza bila stendi.

Sasa hii ya pili. Ni 8x42, nimeinunua imetumika kutoka kwa kijana anayeongoza watalii ambaye alikuwa anabadilisha yake, laki mbili na themanini baada ya kuongea sana. Jina la kampuni silitaji kwa sababu ninachotaka ujue ni aina, zipo za kampuni nyingi zenye vipimo hivi hivi. Nane maana yake kitu kinaonekana kama kimesogea mara nane, arobaini na mbili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya 42 kwa 8 unapata milimita 5 na robo, ule ndo upana wa mwanga unaoingia kwenye jicho lako, na asubuhi mapema mboni ya jicho inakuwa imefunguka kiasi hicho hicho au zaidi, kwa hiyo picha inakuwa na mwanga wa kutosha. Chukua 10x42 unapata milimita 4 na kitu, inavuta zaidi lakini giza linaanza kukusumbua na kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara kumi. Kwa nyika ya wazi kule barabara ya Namanga labda 10 ina faida yake. Kwa msitu, nane. Nimejaribu ya rafiki yangu ya kumi mara tatu na kila mara nimerudi kwenye yangu.

Sehemu ninayoipenda kuipima ni Ziwa Duluti pale Tengeru, lile ziwa la kreta, kuna njia inayozunguka ndani ya msitu na mti unainamia maji kabisa. Siku ya kwanza kwenda na hii darubini nilikuwa na mwanangu wa miaka tisa, tumekaa kwenye gogo, nikaona kitu kwenye tawi juu ya maji kama mita thelathini hivi, kwa macho ni kitu cheusi tu. Nikainua darubini nikakuta mdiria, yule mkubwa, mdomo kama jambia, kifua cha rangi ya matofali, manyoya ya kichwani yamesimama, na samaki mdomoni anampigiza kwenye tawi, nikaona hadi matone yanavyoruka. Nikampa mwanangu akanyamaza muda mrefu kweli. Kisha akaniuliza, "Baba, tumsaini wapi?" Yaani kwake ilikuwa kama tumepata kisanduku. Tukamwandika kwenye daftari, tarehe, saa na namba za GPS, na mpaka leo ndo utaratibu wetu.

Na hapo ndo naona kwa nini watu wa visanduku wengi wanateleza kuingia kwenye ndege. Jicho limeshazoea kutafuta kitu ambacho hakijakaa kawaida, jani linalotikisika wakati hakuna upepo, umbo lisilofanana na tawi. Umeshazoea kurudi mikono mitupu na kujaribu tena. Na unapenda kuandika ulipokuwa. Jirani zetu Kenya wana mradi unaitwa Kenya Bird Map, nchi imegawanywa vimiraba vya dakika tano kwa dakika tano za latitudo na longitudo, kama kilomita tisa kwa tisa, unachagua mraba wako unatembea humo angalau masaa mawili na kuandika kila ndege kwa mpangilio uliomwona. Mtu anayeishi kwa namba za GPS akiambiwa hivyo damu inachemka. Mimi ninazopata huku naziweka eBird, tovuti ya kuandikia ndege uliowaona, na kwenye simu nina Merlin, programu ya bure ya kutambua ndege kutoka chuo kikuu cha Cornell, Marekani, ukishapakua fungu la ndege wa eneo lako inafanya kazi hata pasipo na mtandao.

Turudi kwenye kifaa. Uzito wake gramu 680, mwanzoni mkanda wa shingoni uliniumiza vibaya, tukitembea masaa manne shingo inakaza mpaka kesho yake. Nikampelekea fundi viatu mtaani kwetu akanishonea mikanda ya kupita mabegani na kukutana mgongoni kutoka kwenye begi la zamani la shule, elfu sita, na tangu siku hiyo uzito nimeusahau. Kama utanunua darubini yoyote ya kipimo hiki weka hiyo hela pembeni mapema.

Inaona vizuri hata kitu kilicho mita mbili tu kutoka ulipo, hili watu hawaliulizi dukani na ni muhimu sana, maana chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, wanakuja kwenye maua ya nyumbani na darubini nyingi zinashindwa kumwona aliye karibu. Ninapokaa barazani naona rangi za kijani za mgongoni zikibadilika anapogeuka. Imejazwa naitrojeni ndani kwa hiyo ukungu haushiki kwenye lenzi za ndani, nimeitoa kwenye gari lenye baridi nikaingia nayo kwenye joto, nje ilipata mvuke nikafuta, ndani safi. Mvua ya mwezi wa nne imeinyeshea mara mbili bila shida.

Mabaya yapo. Mpira wa jicho la kulia umelegea, unazunguka wenyewe, nimeubana na gundi kidogo. Gurudumu la katikati ni gumu asubuhi ya baridi, ndege wa haraka kama keremkerem anakuponyoka kabla hujapata picha safi. Kingo za picha zimefifia kidogo, katikati ndo kali. Kwa bei niliyotoa nimeyakubali yote matatu, lakini hilo la gurudumu ningelijua mapema ningepunguziwa bei.

Kitu kingine, wengi wanaazima darubini wanasema haioni vizuri kumbe hawajairekebisha kwa macho yao. Funika lenzi ya kulia, angalia kitu kisichosogea kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka kionekane wazi. Halafu funika ya kushoto, angalia kitu kile kile kwa jicho la kulia, safari hii usiguse gurudumu, zungusha kile kipete cha kwenye jicho la kulia mpaka kionekane wazi tena. Basi, umemaliza, kipete usikiguse tena. Wenye miwani washushe zile kombe za mpira. Na mtoto akishika darubini mwambie kabla ya yote, jua haliangaliwi kwa hiki kitu hata sekunde moja, jicho linaungua.

Wiki iliyopita Duluti tulikutana na mzee mmoja anatoka kukata majani ya ng'ombe, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akauliza tunachungulia nini. Nikamwonyesha kiota cha fundichuma, lile lifurushi la vijiti kwenye panda ya mti, likubwa kuliko ndege mwenyewe mara nyingi. Akaniambia wao utotoni walikatazwa kabisa kugusa kile kiota, ukikivunja nyumba yenu inapata balaa. Nikampa darubini. Alikaa nayo dakika kumi, ndege akaingia na kijiti akakipachika akatoka tena, mzee anatusimulia kila hatua sisi tuliosimama bila darubini, "Sasa anasukuma kwa kifua, sasa amegeuka." Amemjua yule ndege maisha yake yote na ilikuwa mara ya kwanza kumwona jicho.

Kwa anayeuliza anunue ipi: una laki mbili hadi tatu, tafuta 8x42 iliyotumika kutoka kwa mtu wa safari, usiiagize bila kuishika. Iangalie nje, siyo ndani ya duka, angalia waya wa umeme wa mbali uone kama unatokea mara mbili. Ukiuona mara mbili iache, mirija yake haijalingana. Ishike mbali na uso uelekeze kwenye mwanga, vile viduara viwili vya mwanga viwe duara kamili visiwe vimekatwa kingo. Lenzi nyekundu iache hapo hapo. Ukikosa hela hiyo, 8x32 ni ndogo na nyepesi na mtoto anaiweza, asubuhi sana tu ndo itakosa nguvu. Mwanangu nimemuahidi hiyo akifunga shule, kwa sasa tunapeana zamu, na zamu yake huwa ndefu kuliko yangu.